Kilomita 218,000 hazinitishi, kinachonitisha ni mkopo wa kununua Subaru

Kila kundi la vijana ninalolijua kuanzia Bungoma hadi Kitale lina msee mmoja ambaye simu yake imejaa picha za Subaru. Si lazima awe na gari, na pengine hata leseni hana. Lakini gari likipita Webuye usiku likinguruma, atakuambia bila kugeuka kama ni WRX ama ni Forester ya mtu aliyetoboa egzosi. Msee huyo akishika pesa yake ya kwanza ya maana, swali ni moja tu: anunue ama asinunue?

Kwetu Matulo swali hilo limeingia hadi sebuleni. Binamu yangu hurekebisha simu Webuye. Kwa miaka minne ameweka akiba kwenye Sacco na sasa ana Sh520,000. Amepata Impreza WRX ya mwaka 2007 inayouzwa Kitale kwa Sh780,000. Mita inasoma kilomita 218,000. Pengo la Sh260,000 anataka kuliziba kwa mkopo, logbuku ya gari lenyewe ikiwa dhamana. Ukoo umegawanyika, na kwa sababu mimi huandika mtandaoni, nimeulizwa maoni kana kwamba mimi ni kamati ya bunge.

Maoni yangu ni haya. Watu wote wanaobishana nyumbani wameshikilia namba isiyofaa. Wanaogopa 218,000. Mimi naogopa 260,000.

Kwanza niseme jambo moja kuhusu wale wanaomcheka. Khocha wetu, yaani mjomba, alisema hivi: "Nunua Probox, ikuletee pesa. Gari ya mbio itakupeleka wapi?" Namheshimu mzee, na Probox ni gari la maana. Bila Probox, nusu ya Bungoma ingetembea kwa miguu. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu siku hiyo kila ninachokipenda huulizwa kitaleta pesa ngapi. Kijana wa mji mdogo haruhusiwi kupenda kitu kwa sababu tu ni kizuri. Mtu ambaye ameinamia simu za watu kwa miaka minne, macho yakimuuma, ana haki ya kutaka kitu ambacho si cha biashara.

Na mapenzi haya ya Subaru hayakuanzia Instagram. Baba zetu walimwona Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, akiendesha Subaru kwenye Safari Rally miaka ya tisini. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa Impreza pia. Mashindano hayo yalitoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, yakarudi 2021 kule Naivasha, na kizazi chetu nacho kikapata cha kusimulia. Upande wa pili, wazazi wana hofu yao. Tangu 2024, habari za vijana kutekwa nyara baada ya maandamano ya Gen Z zilipokuwa zikitaja Subaru mara kwa mara, mama akiona Subaru ya vioo vyeusi imeegeshwa langoni moyo unaruka. Kwa hivyo ukinunua gari hili, unanunua pia hadithi zake zote, nzuri na mbaya.

Lakini tukiongea kuhusu rali, tukumbuke kitu ambacho mashabiki husahau. Subaru ya McRae haikufika mwisho kwa sababu ni ngumu kama jiwe. Ilifika kwa sababu kulikuwa na mafundi wanaoisubiri njiani na spea mkononi, na helikopta juu ikiwaonyesha madereva kilichoko mbele. Gari lilikuwa na timu. Wewe timu yako ni fundi mmoja chini ya mti na M-Pesa yenye Sh1,400.

Sasa turudi kwa mita. Kwa nini WRX zote ambazo kijana wa kawaida anaweza kufikiria kununua zimetembea sana? Sababu ni sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana 2025 ilipoanza, magari ya mtumba yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa kuanzia 2018. WRX ya 2018, ukijumlisha bei ya Japani, meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, si gari la mtu anayerekebisha simu Webuye. Sisi tunabaki na zile zilizoingia zamani, ambazo zimezunguka kwa mikono ya Wakenya watatu, wanne.

Hapo ndipo akili inafaa kufanya kazi. Gari la 2007 halikuweza kuingia nchini baada ya 2014. Maana yake ni kwamba limekula vumbi yetu kwa zaidi ya miaka kumi. Kuna WRX nyingine ya mwaka huohuo ambayo binamu yangu alionyeshwa Bungoma. Mita yake inasoma kilomita 118,000, na dalali anaimba hiyo namba kama wimbo wa taifa. "Hii gari imetunzwa, boss. Ni kuingia na kuenda."

Piga hesabu. Tuseme ilitoka Japani ikiwa na kilomita 85,000. Basi kwa miaka kumi na zaidi hapa Kenya imetembea 33,000 pekee. Hiyo ni chini ya kilomita 3,300 kwa mwaka, kama kilomita tisa kwa siku. Nani alinunua gari la turbo ili alipeleke sokoni na kulirudisha? Ama liliegeshwa miaka mingi kwa sababu liliharibika, ama mita imerudishwa nyuma. Yote mawili ni mabaya, na kurudisha mita ni kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye kifaa chake.

Lile la Kitale lina bahasha ya risiti. Karatasi ya mnada wa Japani inaonyesha liliondoka na kilomita 92,000. Baki ni 126,000 kwa miaka kumi na kitu, yaani karibu kilomita 1,000 kwa mwezi. Hayo ni maisha ya gari la kawaida. Kuna risiti ya mkanda wa taimingi, kuna za oili, kuna ya klachi. Kati ya magari haya mawili, mimi nachukua la 218,000 bila kufikiria mara mbili. Mita kubwa yenye ushahidi ni afadhali kuliko mita ndogo yenye mdomo mtamu.

Kama nawe uko sokoni, kuna mambo machache ya kuangalia kabla ya kupenda rangi. Angalia namba ya chesi. Impreza ya umbo hilo ikiwa WRX, namba ya chesi ya Japani huanza na GDA, na STI huanza na GDB. Ukiona GD2 ama GD3, hiyo ni Impreza ya injini ya 1.5, isiyo na turbo. Kuna watu hubandika nembo za WRX na lile tundu la boneti juu ya gari la 1.5 na kukuuzia kwa bei ya turbo. Kwenye karatasi ya mnada, ukiona daraja la R, jua gari liligongwa likarekebishwa. Halafu lipia ile ada ndogo ya NTSA uone gari liko kwa jina la nani, na kama kuna mkopeshaji analidai. Gari linaweza kuwa zuri kabisa na lisiwe la anayekuuzia.

Kisha injini. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ni moto, kuna kitu alikuwa anakificha, kwa sababu injini mbovu hujisema zaidi ikiwa baridi. Sikiliza mgongano wa chini, kok-kok-kok unaopanda na mwendo wa injini. Hiyo ni beringi, na Subaru yenye sauti hiyo ni ya kuacha hapo hapo. Moshi wa bluu maana yake ni kwamba oili inaungua. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, na mapovu kwenye maji ya rejeta, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imechoka. Lipa fundi wako mwenyewe, si wa dalali, apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, rudi nyumbani.

Fundi wetu, mzee ambaye amefungua injini hizi tangu sisi tukiwa shule ya msingi, alitueleza vizuri. Injini ya WRX hiyo, EJ20, ina pistoni zilizolala pande mbili zikitazamana, na mkanda wa taimingi unaofaa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika ukiwa barabarani, pistoni hugonga valvu na injini inaisha papo hapo. Turbo nayo huishi kwa oili safi. "Vijana wangu," akasema, "hii kitu haiuliwi na kilomita. Inauliwa na mtu aliyeruka sevisi moja kwa sababu ya karo, akaruka ya pili kwa sababu ya matanga."

Ongeza na petroli. WRX ya Japani iliundwa ikitarajia petroli ya oktani ya juu, na hiyo haipatikani kila stesheni huku kwetu. Ukiikimbiza kwa ya kawaida, injini inaweza kuanza kugonga ndani, na mwishowe pistoni zinaumia.

Kufikia hapo gari la Kitale lilikuwa limepita. Fundi alilikubali. Binamu yangu alikuwa ameanza hata kuchagua rimu. Ndipo tukaketi na karatasi, na hapa ndipo msimamo wangu ulipopatikana.

Fundi alituhesabia mwaka wa kwanza. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji, kwa sababu risiti ya mwisho ni ya kitambo, Sh42,000. Tairi nne, Sh52,000. Klachi, ambayo tayari inateleza kidogo, Sh45,000. Sevisi za mwaka, Sh30,000. Bima ya kulinda watu wengine barabarani, ile ya lazima kisheria, tukaweka Sh8,000. Jumla ni Sh177,000, na hapo hakuna kitu kimeharibika. Kikiharibika, spea nyingi zinatoka Nairobi, Kirinyaga Road, zikipandishwa basi la usiku.

Halafu mafuta. Tuseme atatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari likienda kilomita 8 kwa lita, na lita ni Sh180. Hizo ni lita 125, yaani Sh22,500 kila mwezi na Sh270,000 kwa mwaka. Na bei ya mafuta si yako kupanga. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na sote tunakumbuka Oktoba 2023 petroli ilipofika Sh217.36 jijini Nairobi.

Jumlisha. Sh447,000 kwa mwaka, ambayo ni Sh37,250 kwa mwezi. Binamu yangu kwenye mwezi mzuri anapata Sh45,000. Zinabaki Sh7,750 za kodi ya duka, chakula na kumtumia mamake.

Sasa weka mkopo juu. Tuseme riba ni asilimia 4 kwa mwezi. Riba peke yake kwa Sh260,000 ni Sh10,400, kabla hujarudisha hata shilingi moja ya deni. Gari na riba vinafika Sh47,650. Msee anapata 45,000. Hapo mjadala uliisha, hata kama wengine waliendelea kupiga kelele.

Watu huuliza kitakachotokea akishindwa kulipa. Kitakachotokea kinajulikana. Logbuku iko kwa mkopeshaji, gari linavutwa hadi yadi, linauzwa kwa bei ya kutupa, na zile Sh520,000 za miaka minne zinakuwa zimelipia miezi michache ya kupiga picha. Lakini kuna kitu kingine hutokea kabla ya hapo. Mtu mwenye deni huruka sevisi. Anasema oili itangoja mwezi ujao. Mkanda utangoja Krismasi. Na tumeshasikia kutoka kwa fundi kinachoua injini hizi. Kwa hivyo mkopo haukai kando ya gari ukingoja kulipwa. Unaingia ndani ya injini. Ule utunzaji uliofanya kilomita 218,000 ziwe si tatizo, deni ndilo litakaloumaliza.

Naelewa wanaosema maisha ni mafupi, kula ujana. Kuna mmoja alimwambia binamu yangu kwamba gari litajilipa kwa kukodishwa harusi za wikendi. Harusi ngapi, Matulo? Na bibi harusi gani anataka kuketi nyuma ya WRX iliyoshushwa, magoti yakigusa kidevu?

Kuna pia jambo ambalo hakuna hesabu inayolishika. Webuye ndipo njia ya Kakamega kwenda Kitale inapokutana na barabara kuu ya Nairobi kwenda Malaba. Malori ya kwenda Uganda, boda boda zisizo na taa, watoto wa shule, ng'ombe, vyote viko kwenye lami moja. Gari la turbo lenye breki zilizochoka na tairi za kuungaunga, likiendeshwa na mtu ambaye hajalala akiwaza deni, hilo silitaki karibu na mtu wangu yeyote. Sh52,000 za tairi si mapambo.

Basi afanye nini? Nilimpa kanuni ambayo nawe unaweza kuibeba: gari lililotembea sana usilinunue kwa zaidi ya theluthi mbili ya pesa ulizonazo mkononi. Theluthi inayobaki ni ya gari hilohilo, mwaka wa kwanza. Kwake yeye, theluthi mbili za Sh520,000 ni kama Sh346,000, na zinazobaki zinakaribia zile Sh177,000 za fundi. Kwa pesa hiyo hapati WRX, tusidanganyane. Atafute Impreza ya 1.5 ya umbo lilelile, isiyo na turbo na isiyokunywa sana, iliyotunzwa, hata kama imetembea kilomita 200,000.

Kama moyo umekataa, angoje. WRX ya Sh780,000 pamoja na matengenezo ya mwaka wa kwanza ni Sh957,000. Anapungukiwa Sh437,000. Kwa mwendo wake wa akiba, Sh130,000 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu, na duka pia lazima liwe limekua ndipo aweze kulinunulia mafuta. Miaka mitatu ni mingi ukiwa na miaka 25. Sitamwambia ni michache, kwa sababu si mimi nitakayeingoja.

Lakini sijamwambia aache kupenda Subaru, na wewe pia sikwambii. Nenda kaangalie, gusa boneti, soma risiti, sikiliza injini. Usikimbizwe na mita kubwa, na usibembelezwe na mita ndogo. Ukifika kwenye ile karatasi ya mkopo yenye sehemu ya kuandika namba ya logbuku, weka kalamu chini. Gari la Kitale likiuzwa wiki hii, kutakuwa na lingine. Dalali hata wikendi haitaisha kabla hajakutumia picha.